Tuizike Insha ya "Faida za Misitu"

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kushika chaki katika nchi hii ya Uganda aijua insha hii hata akiamshwa usiku wa manane. Kichwa chake ni "Faida za Misitu". Huanza kwa kusema kwamba misitu ina umuhimu mkubwa katika maisha ya binadamu. Kisha zafuata aya sita, kila moja na faida yake: misitu huleta mvua, misitu hutupa mbao na kuni, misitu hutupa dawa, misitu huzuia mmomonyoko wa udongo, misitu husafisha hewa, misitu huvutia watalii, nao watalii hutuachia fedha za kigeni. Kwa sababu hizo, humalizia mwandishi, hatuna budi kuitunza. Mwanafunzi aliyezitaja zote sita kwa lugha safi hupata alama zake. Aliyezitaja tatu hupata nusu. Nami nimezisahihisha insha za namna hiyo kwa miaka ishirini sasa, nimezisifu, na zilizo bora nimezisoma mbele ya darasa ziwe kielelezo.

Leo nasimama kudai kwamba insha hiyo ina madhara. Sisemi kwamba inachosha, ingawa inachosha. Nasema ina madhara, na kwamba sisi walimu wa lugha, tunaojidhania kuwa tumekaa kando ya ugomvi wa wanasiasa, mabwana misitu na wenye viwanda, ndio tuliowafundisha wote hao namna moja tu ya kusema.

Tuitazame hoja yake. Insha yasema msitu utunzwe kwa kuwa wafaa. Haya, siku atakapotokea mtu mwenye karatasi na tarakimu, akaonyesha kwamba pahali pale pale pangefaa zaidi pakipandwa kitu kingine, insha yetu itamjibu nini? Haina jibu. Imekwisha kukubaliana naye tangu sentensi ya kwanza. Kilichobaki kati yao ni hesabu. Msitu umekwisha kupelekwa mnadani na mtoto wa miaka kumi na minne, kwa mwandiko mzuri na bila kosa la nahau, na mwalimu wake kamwandikia chini: Vizuri sana.

Hili si jambo la kubuni. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Mabira.

Mabira ni msitu ulio kati ya Kampala na Jinja, wenye ukubwa wa kilomita za mraba mia tatu hivi, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Jina lake latokana na neno la Kiganda ekibira, yaani msitu. Asiyeujua msitu wenyewe aijua barabara inayoupasua, na aijua Najjembe, ambapo basi likisimama tu abiria huzingirwa na vijiti vya nyama na gonja za kuchoma kabla hajapata nafasi ya kusema kwamba hana njaa. Jirani yake ni Lugazi, penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1920. Mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba serikali yakusudia kuipa kampuni ya kiwanda hicho hekta 7,100 za msitu, karibu robo nzima, ili mashamba ya miwa yapanuliwe.

Niliyasoma magazeti ya siku zile kwa jicho la mwalimu, nikaziona insha zetu zimekua na kuvaa suti. Waliotaka msitu ukatwe walikuwa na orodha: ajira, kodi, sukari ya kutosha, na tena sehemu yenyewe, walisema, imekwisha kuharibika. Waliokataa nao walikuwa na orodha: mvua, maji ya mito, dawa, watalii, hewa ya kaboni. Kila upande ulikuwa umefaulu mtihani wetu. Sikuona, katika hoja zilizochapwa kwa herufi kubwa, mtu aliyesema kwamba kuna vitu ambavyo haviulizwi bei.

Lakini nje ya magazeti watu walikuwa wakilisema jambo hilo hilo, kwa matendo. Wapo walioacha kununua sukari ya Lugazi, wakanywa chai chungu au wakatafuta sukari ya kwingine. Ufalme wa Buganda ulijitokeza ukasema utatoa ardhi yake mwenyewe ipandwe miwa, msitu uachwe. Kanisa la Anglikana la Mukono nalo likasema vivyo hivyo. Hebu tulitafakari tendo hilo. Mwenye shamba anatoa shamba lake ili msitu usio wake usikatwe. Iko wapi faida hapo, kwa maana ya aya zetu sita? Na mbunge Beatrice Anywar, aliyekuwa mstari wa mbele, watu hawakumwita mtaalamu wala mtetezi. Walimwita Mama Mabira. Walitumia neno la ukoo.

Tarehe 12 Aprili 2007 maandamano yalifanyika Kampala, nayo yakageuka kuwa machafuko. Watu wasiopungua watatu walikufa, na mmoja wao alikuwa mtu wa asili ya Kihindi aliyepigwa na umati barabarani, mtu ambaye hakuwa na hekta hata moja ya Mabira wala hakuomba. Maduka ya Wahindi yalishambuliwa. Siwezi kuyapita hayo kimya kwa sababu tu nilikuwa upande wa msitu. Ni aibu yetu, na nina dhana yangu juu yake. Mtu mwenye uchungu asiopewa maneno ya kuusemea huuokota usemi wowote anaoukuta njiani, na usemi uliokuwa umetapakaa njiani siku ile ulikuwa wa chuki, tena wa zamani, wa mwaka 1972. Hatukuwa tumewafundisha usemi mwingine. Tulikuwa tumewafundisha mmomonyoko wa udongo.

Mwaka ule ule mpango ulisitishwa. Wengi walisherehekea. Mwaka 2011 sukari ikaadimika madukani, bei ikapanda, na Rais Museveni akaufufua. Haukutimia safari hiyo pia, lakini twapaswa kuielewa sababu ya kufufuka kwake, maana imo katika insha yetu. Kilichookolewa kwa hesabu huwa kimeokolewa mpaka hesabu ibadilike. Miti ya Mabira haikuwa imebadilika kati ya 2007 na 2011. Iliyobadilika ni bei ya kilo ya sukari.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, ili nisionekane nawatupia wengine mawe.

Mwaka huo wa 2007 nilikuwa kijana, mwaka wangu wa tatu kazini, katika shule ambayo haikuwa mbali na msitu. Nikaona ni wakati wa kufaa kutoa insha ya "Faida za Misitu", na nikaitoa. Binti mmoja hakuandika faida sita. Aliandika habari za babu yake na mti wa mutuba. Wasioujua, mutuba ni mti wa jamii ya mkuyu ambao gome lake hubanduliwa, likapondwapondwa kwa nyundo za mti mpaka likawa nguo laini ya rangi ya udongo mwekundu. Waganda huiita lubugo, na katika lubugo huwazika wafu wao. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote. Mti uliobanduliwa haufi. Fundi huufunga shina kwa majani ya migomba lisiungue na jua, na gome huota tena.

Binti yule alieleza hayo, kisha akaandika kwamba babu yake humfunga mti kama mgonjwa, kwamba mti hukaa na majani yake mpaka akapona, na kwamba babu humpitia asubuhi kumtazama. Nami nikachukua kalamu nyekundu. "Humfunga" nikaisahihisha iwe "huufunga". "Akapona" nikaisahihisha "ukapona". "Kumtazama", "kuutazama". Ukurasa ukajaa damu. Mwisho nikampa alama 8 katika 20, na kando nikaandika: Hujajibu swali.

Kwa sheria za sarufi sikukosea. Mti ni ngeli ya M-/MI-, na upatanisho wake ni u- na i-. Nilidhani wakati ule kwamba ni athari ya lugha ya mama, neno ambalo walimu hulitumia kama madaktari wa zamani walivyolitumia neno homa. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa naandaa somo juu ya ngeli, ndipo nilipotanabahi. Kiganda nacho husema omuti gugudde, mti umeanguka, kwa ngeli ile ile na upatanisho wa namna ile ile. Kosa lile halikutoka katika Kiganda. Binti alijua kanuni, maana mahali pengine katika insha ile ile aliandika "miti mingi imekatwa" bila kuteleza. Alipofika kwenye mti wa babu yake, akaivunja kanuni, kwa sababu alichotaka kukisema hakikuenea ndani yake. Nilimsahihisha asiseme jambo hasa alilokusudia kusema.

Tangu hapo nimekuwa nikiyakagua maneno tunayoyagawa darasani, kama mtu anayekagua mchele akitafuta mawe.

Lichukue neno "maliasili". Ni neno lililoundwa vizuri, nami sina ugomvi na masikio ya aliyeliunda. Lakini lisikilize: mali, kisha asili. Kabla hujasema lolote juu ya mto au tembo umekwisha kusema kwamba ni mali, na mali haikosi mwenyewe, na mwenyewe aweza kuuza. Majirani zetu wa Tanzania waliliweka katika jina la wizara nzima na kulifungia ndoa na utalii. Hali Mwalimu Nyerere, katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961 juu ya wanyama wa porini (lisichanganywe na Azimio la mwaka 1967), alitaja kwanza maajabu na msukumo ambao viumbe hao humtia binadamu moyoni, na habari ya rasilimali ikafuata nyuma. Sisi tulishika la pili tukaliacha la kwanza.

Au "mazingira". Latokana na kuzingira. Ni yale yaliyotuzunguka, maana yake sisi ndio tuliosimama katikati, na vyote vingine ni ua wa nyumba yetu.

Na "maendeleo endelevu"! Hapa ndipo ninapotamani kumwona aliyebuni, nimwamkie, kisha nimwulize. Maendeleo latokana na endelea. Endelevu latokana na endelea, kama tulivu litokavyo katika tulia. Basi tumepata mwendo unaoendelea kuendelea. Hakuna ndani ya maneno hayo mawili dalili yoyote ya kikomo, wala ya kujizuia, wala ya mtoto ambaye hajazaliwa. Na hali fikra yenyewe, kama ilivyotangazwa na tume ya Bibi Brundtland mwaka 1987, ilikuwa juu ya huyo mtoto hasa: kwamba tujitosheleze leo bila kumwondolea yeye uwezo wa kujitosheleza kesho. Mwanafunzi anayekutana na fikra hiyo katika Kiswahili hukuta mlango umefungwa, na mlangoni pameandikwa: Songa mbele.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini. Watu wa pwani wanalo neno "wakfu". Shamba likiwekwa wakfu, nazi zake huliwa, zikauzwa, zikalisha mayatima, bali shina haliuzwi wala halirithiwi, hata ajapokuja mwenye fedha nyingi kuliko sultani. Wanalo neno "amana", kitu ulichowekewa ambacho kitadaiwa na mwenyewe. Maneno hayo yana karne nyingi ndani ya lugha hii. Kila mmoja wetu huyafundisha katika orodha ya msamiati wa dini, akayaacha huko huko.

Wanalo pia neno "kaya". Kwetu darasani kaya ni watu wa nyumba moja, neno la sensa. Lakini kwa ndugu zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni msitu, ule msitu mtakatifu uliozunguka maskani ya wahenga, ambamo hukati mti ovyo wala huingii na maneno yoyote uyatakayo. Mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Neno moja, nyumba na msitu! Nani kati yetu amepata kuwaambia wanafunzi hivyo?

Na liko neno ambalo sisi wa huku Uganda tungekuwa wa kwanza kulifurahia, yaani "mzio". Kamusi za zamani zalieleza kuwa ni chakula au kitu ambacho mtu hakigusi kwa kuwa kwake ni mwiko. Siku hizi limetwaliwa na madaktari: mtu ana mzio wa karanga, akila huwashwa. Sasa lisikilize neno la Kiganda: omuziro. Ni kile kiumbe ambacho ukoo umekitwaa kuwa chake, na kwa kuwa ni chake hawakili wala hawakidhuru. Wako watu wa Mmamba, yaani kambare mamba. Wako watu wa Nkima, tumbili. Wako wa Ngeye, mbega yule mweusi mwenye manyoya meupe. Masikio yangu yaniambia kwamba mzio na omuziro ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kaenda pwani akapoteza konsonanti njiani. Mtu wa Ngeye hamtunzi mbega kwa sababu mbega avutia watalii. Ukimwuliza faida ya mbega atakutazama kama umemwuliza faida ya shangazi yake.

Sitaki hata hivyo kuipamba lugha yetu kupita kiasi. Kiswahili kina dharau yake. Ni lugha iliyokulia mijini, na mji ulijiona bora kuliko nyika. Twasema mtu wa porini tukimtukana. Twasema ushenzi tukimaanisha yasiyo ya mji. Dharau hiyo iliwapanda watu mgongoni, na waliobeba mzigo mkubwa hapa kwetu ni Watwa wa Kisoro, Kabale na Kanungu. Mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa, Watwa waliondolewa katika misitu waliyokuwa wameishi tangu zama za wazee wao. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba iliona kwamba hawakufidiwa ipasavyo. Miaka thelathini! Na walioondolewa hawakuondolewa na wakata miti. Waliondolewa na watunza misitu, watu wa aya ya sita, ile ya watalii. Leo mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800 za Marekani akae na gorila wa Bwindi muda wa saa moja. Insha yetu ilijua kumhesabu gorila. Haikuwa na aya ya Mtwa.

Wala asidhani mtu kwamba kila kilichovaa kanzu ya mila ni salama. Mwaka 2016 Ufalme wa Bunyoro-Kitara, si kampuni ya kigeni, ndio uliokodisha sehemu ya msitu wa Bugoma kwa wenye kutaka kulima miwa, ukidai ardhi hiyo ni yake. Mila nayo yaweza kujifunza hesabu.

Mwezi Julai 2022, huko Bonn, Ujerumani, wajumbe wa nchi 139 walipitisha ripoti ya kimataifa juu ya jinsi watu wanavyothamini viumbe na nchi. Ilisema, pamoja na mengine, kwamba maamuzi makubwa ya dunia yamekuwa yakifuata faida za soko na za muda mfupi, na kwamba binadamu ana njia nyingi zaidi za kuhusiana na maumbile. Walizipanga nne, ambazo kwa Kiswahili naweza kuziweka hivi: kuishi kwa maumbile, kama tuishivyo kwa chakula, kuishi ndani yake, kama tuishivyo kwetu, kuishi pamoja nayo, kama na jirani, na kuwa ni mamoja nayo, kama mtu na ukoo wake. Walimu wa sarufi tufurahi: tofauti yote imebebwa na vineno vidogo, kwa, ndani ya, pamoja na, ni. Insha yetu yakijua kimoja tu katika hivyo vinne. Na mwezi huo huo wa Julai 2022, serikali ya Kongo ilipeleka mnadani vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine vikigusa hifadhi ya Virunga. Safari hii mnada haukuwa tamathali ya semi. Ulifutwa mwaka 2024, na zilizotajwa ni kasoro za zabuni. Wenzetu wa Bukavu na Goma wataweza kulieleza hilo kuliko mimi.

Najua nitakavyojibiwa. Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu alikwisha kunijibu nilipomsomea maneno haya: "Mwalimu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Waambie wanaotafuta kuni habari za wakfu." Jibu hilo lina uzito, nami nimelala nalo siku nyingi. Lakini mutuba walijibu. Babu wa yule binti hakuwa tajiri aliyekaa barazani akiusifu mti. Alikuwa akiutumia. Aliubandua gome akauza, na huenda karo ya binti ilitoka humo. Ila alijua pia kwamba ameujeruhi, na kwamba kuanzia hapo ana wajibu kwake, wa kuufunga na kuupitia asubuhi. Kutumia na kuheshimu havikuwa mambo mawili kwake. Ni sisi tulioyatenga, mimi na kalamu yangu, tukachukua kutumia tukakipa alama, tukachukua kuheshimu tukakiita kosa la upatanisho. Maskini anayeishi kando ya msitu mara nyingi ndiye ajuaye mti upi haukatwi, na kwa nini. Hajaulizwa tu.

Watanijibu tena kwamba mbele ya waziri wa fedha na mbele ya hakimu, mtu asiye na tarakimu hasikilizwi. Ni kweli, na sitamzuia mtu kuhesabu. Ahesabu, na ahesabu vizuri. Ila asituambie kwamba hesabu ndiyo thamani yenyewe. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wageni hawakuja. Kwa hesabu ya dola, gorila wa Bwindi alikuwa hana bei. Mwezi Juni mwaka huo dume mmoja mkubwa aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki na mwindaji haramu. Nchi nzima ilizungumza, na wengi waliosikitika ni watu ambao hawajapata kumwona gorila maishani, wala hawatapata fedha za kumwona. Walikuwa wamepoteza nini hao? Wakaguzi wa insha zetu wangesema hawakupoteza kitu.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo yamo ndani ya uwezo wetu, maana mimi si waziri. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, mwalimu anayo nafasi ya kumtoa mwanafunzi nje ya kitabu akakusanye habari kijijini. Tuitumie. Tuwatume wakaulize miko na mizio ya koo zao, majina ya miti isiyokatwa, na sababu zake kama wazee wazijuavyo, kisha waje kuyaandika kwa Kiswahili. Wataleta maneno ya Kiganda, Kisoga, Kinyankole na Kiacholi ambayo Kiswahili hakina, na hapo ndipo kazi yetu itakapoanza, kama walivyofanya waliotuletea wakfu na amana. Katika kufundisha habari za "maendeleo endelevu" tuliweke neno ubaoni, tulivunje vipande, tuwaulize wanafunzi wao wangesemaje. Na wale wenzetu wanaotunga mitihani na miongozo ya kusahihisha, ambao baadhi yao wanalisoma jarida hili, nawaomba waondoe ule mstari unaosema kwamba kila faida iliyotajwa ni alama mbili. Faida zibaki. Zipewe aya moja.

Binti yule sijui aliko. Sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na kama ana watoto yamkini mmoja wao ameletewa insha hiyo hiyo nyumbani kama kazi ya usiku. Daftari nilimrudishia, kwa hiyo sina hata nakala ya kujirekebishia alama.

Muhula ujao darasa langu litapewa kichwa hiki: "Mti Usiokatwa Kwetu". Atakayeandika "mti akafa" nitamwita mezani nimwulize kwanza ni mti gani huo, na kalamu nyekundu itakuwa bado imo mfukoni.